Picha ya Papa imekuwa nne: nifute ipi?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Lubumbashi:

"Jambo mwalimu. Mi niko mama wa batoto batano, naikala ku Katuba. Simu inaniambia kila siku kama Google Photos imejaa, giga 15 zimeisha, na mesaji ya masomo ya mtoto wangu ilikatala kuingia mu Gmail. Nikiangalia mu picha, naona moja mara tatu, mara ine. Kuko hata ya marehemu papa yangu, amesimama mbele ya cheminée ya Gécamines, kompani ya madini, na kofia ya kazi: iko mara ine, na yote inafanana. Mtoto wa jirani anasema kuko aplikasyo inafuta zote mu saa moja tu, lakini inaomba mot de passe. Nifanye je? Naogopa kufuta ile ya muzuri."

Mama, kabla ya mengine yote: nenosiri lako usilitoe, hata kama kijana huyo unamwamini. Nenosiri hilo halifungui picha peke yake. Linafungua barua zako, namba za ndugu zako, na mara nyingi kila akaunti nyingine uliyoifungua kwa Gmail hiyo. Tena kuna jambo ambalo wenye aplikasyo za namna hiyo hawalisemi. Tangu tarehe 31 Machi 2025, Google imefunga njia ambayo programu za nje zilikuwa zinaitumia kutazama maktaba nzima ya mtu. Siku hizi programu inayopita njia ya halali inaona picha ilizozipakia yenyewe, au zile ulizozichagua kwa mkono wako, basi. Ikikuahidi kupekua picha zako zote za miaka kumi kwa saa moja, ujue haibishi hodi mlangoni. Inataka funguo za nyumba.

Sasa, ndani ya swali lako kuna matatizo mawili yaliyofungwa kwa kamba moja. Nafasi imejaa, na picha zimejirudia. Wengi huyachukua kama tatizo moja, wanakesha wakifuta nakala, na asubuhi simu bado inalia kwamba imejaa. Tuhesabu pamoja. Picha iliyopigwa na simu ya kawaida ya leo ina megabaiti 3 au 4. Nakala yake iliyopita WhatsApp mara nyingi haifiki kilobaiti 200. Ukifuta nakala elfu moja za WhatsApp, kila moja ya kilobaiti 150, umepata megabaiti 150, yaani asilimia 1 ya giga zako 15. Lakini dakika moja ya video ya ubora wa 1080p hula megabaiti 100 na zaidi. Ile video ya dakika kumi ya watu wanaocheza arusini, ambayo hujaifungua tangu siku ile, ina uzito wa nakala zaidi ya elfu sita.

Kwa hiyo nafasi uitafute leo kwenye video, na picha za Papa usiziguse kwanza. Fungua Google Photos, gusa duara lenye sura yako juu, ingia sehemu inayoonyesha hifadhi imejaa kiasi gani. Humo Google yenyewe inakupangia video na picha nzito pamoja, zenye ukungu pamoja, na picha za skrini pamoja. Anza na nzito. Kisha fungua WhatsApp, ingia kwenye mipangilio ya mazungumzo, utazame hifadhi yake ya akiba, "Sauvegarde": kwenye simu za Android, tangu 2024 hifadhi hiyo ya WhatsApp imeanza kuhesabiwa ndani ya giga zile zile 15. Kama umeiruhusu iingize na video, zima video hapo. Giga hizo ni za Gmail, Google Drive na Google Photos kwa pamoja, sahani moja mikono mitatu, ndiyo maana picha zikijaa barua ya mtoto inakataliwa. Nafasi ikipatikana kidogo tu, barua zitaingia tena. Ile iliyokataliwa umwombe aliyeituma airudie.

Nikuonye juu ya jasho la bure. Picha zilizopakiwa kabla ya tarehe 1 Juni 2021 kwa ubora uliopunguzwa hazihesabiwi kabisa kwenye giga 15. Ukienda kufuta za 2018 zilizopanda kwa njia hiyo, unaweza kufuta mia tano na usipate hata megabaiti moja. Hizo ziache zilale. Zikikukera kwa kujirudia, utazipanga siku ukiwa na muda.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye nakala zenyewe, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza vitu ambavyo havirudi.

Google si kipofu. Kila faili inapopanda, inahesabiwa alama yake, kama alama ya kidole cha mtu: hesabu inapita kwenye faili yote na kutoa namba moja ndefu. Faili mbili zikiwa sawasawa kabisa, namba ni ile ile, na ya pili haihifadhiwi tena. Lakini ikibadilika hata baiti moja, namba inageuka yote. Sasa fuata safari ya picha moja. Uliipiga arusini Kamalondo, ikapanda. Ukaituma kwenye kikundi cha familia. WhatsApp ikaibana, ikaondoa tarehe na jina la simu yaliyoandikwa ndani ya faili, ikaipa jina jipya. Mdogo wako wa Likasi akaihifadhi, akaing'arisha rangi, akakurudishia. Binti yako akaipiga picha ya skrini ili aweke kwenye status. Kwa jicho lako hiyo ni picha moja. Kwa hesabu ya Google ni faili nne zisizojuana. Ndiyo maana akaunti imejaa nakala na Google haizitambui.

Kati ya hizo nne, moja ni mama, yaani ile ya asili, na tatu ni watoto. Kazi yako yote ni kumtambua mama. Fungua picha, ivute juu kwa kidole, na maelezo yake yatatokea chini: jina la faili, ukubwa, vipimo kwa pikseli (nukta za picha), na kama ni ya kamera, jina la simu iliyoipiga. Mama ana jina la simu na saa kamili, vipimo vikubwa kama 4000 kwa 3000, na uzito wa megabaiti kadhaa. Mtoto wa WhatsApp ana jina linaloanza na IMG, kisha tarehe, kisha herufi WA na namba. Upande wake mrefu mara nyingi ni pikseli 1600, na jina la simu halipo. Tarehe iliyo kwenye jina lake ni ya siku ilipofika kwenye simu, si ya siku ilipopigwa. Kwa hiyo picha ya kilio cha Machi inaweza kukaa kwenye maktaba katikati ya Noeli, kwa sababu shangazi aliituma Desemba. Usidanganywe na mahali ilipokaa.

Kwa nini nashikilia hivyo ile kubwa? Kwa sababu kwenye kioo cha simu, zote mbili zinapendeza, na mtu anafuta yoyote. Tofauti inaonekana siku ya kuchapisha. Pikseli 1600, ukichapisha kwa ubora wa studio wa nukta 300 kwa inchi, zinakupa karatasi ya sentimita 13 na nusu tu. Pikseli 4000 zinakupa karibu sentimita 34. Ya kwanza ni ya kuweka kwenye albamu. Ya pili ni ya kutundika ukutani.

Hili nimelijua kwa kuumia. Simu yangu ilijaa, nikafungua Google Photos, nikachagua picha za komunyo ya mtoto wangu wa kwanza, nikafuta, nikiamini naziondoa kwenye simu tu na kwamba juu mtandaoni zimebaki. Nilikuja kuzitafuta baada ya miezi mitatu. Hazikuwepo kwenye simu, hazikuwepo juu, na pipa la taka lilikuwa limeshajisafisha. Nilizunguka kwa ndugu nikiomba, nikapata nakala za WhatsApp. Niliyoichapisha kwa ukubwa wa A3 iko sebuleni mpaka leo, na macho ya mtoto hayaonekani vizuri. Kila nikiitazama naona kosa langu.

Basi shika tofauti hii. Ndani ya Google Photos, kufuta ni kufuta kote: kwenye simu, mtandaoni, kwenye kompyuta, na hata kwenye albamu uliyowashirikisha ndugu. Kutoa nafasi ni jambo jingine; kwenye simu za Kifaransa limeandikwa "Libérer de l'espace". Hilo linaondoa kwenye simu zile tu ambazo tayari ziko juu, na za juu linaziacha. La kwanza linapunguza giga 15 za akaunti. La pili linapunguza mzigo wa simu, na akaunti inabaki ilivyo. Ukitaka kuondoa nakala mtandaoni, unatumia la kwanza, na ndiyo maana lazima utumie polepole. Kilichofutwa kinakwenda kwenye pipa, "Corbeille", na kama kilikuwa kimeshahifadhiwa juu, kinakaa humo siku 60 kabla ya kupotea moja kwa moja. Pipa hilo usilimwage kwa mkono siku ile ile. Ukikosea leo, una miezi miwili ya kujirekebisha, mradi ukumbuke kuchungulia.

Google Photos, mpaka ninapoandika, haina kitufe kimoja cha kuondoa nakala zote. Ina kitu kinachokaribia: inaweza kukusanya picha zinazofanana zilizopigwa karibu karibu na kuziweka rundo chini ya moja. Ukifungua rundo, unachagua ya kubaki na kufuta zilizobaki. Ni msaada mzuri kwa zile picha kumi ulizopiga mfululizo ili mtoto asifumbe macho. Kwa nakala ya WhatsApp iliyofika mwezi mwingine haukusaidii, kwa sababu rundo linatazama na muda pia. Na usishtuke ukiona picha zimepungua ghafla. Zimefichwa chini ya rundo, hazijafutwa.

Zilizobaki ni kazi ya mkono. Mimi hushauri mwaka mmoja kwa jioni moja, kwa kupitia tarehe, mtu akiwa ameketi na ametulia. Laza simu kwa upana, tafuta sura zinazojirudia, tazama maelezo, bakiza mama. Kama mama hayupo, yaani ya kamera ilishapotea na umebaki na watoto watupu, bakiza mwenye pikseli nyingi na uzito mkubwa, na umwombe aliyeipiga akutumie ya asili. Mara nyingi bado iko kwenye simu ya kijana fulani aliyesahau kabisa.

Kwa mtu mwenye picha maelfu na kompyuta, kuna njia nyingine. Google Takeout inakupa nakala ya maktaba yako yote uipakue. Chagua mafungu ya giga 2 badala ya fungu moja kubwa: hapa kwetu umeme wa SNEL ukikatika katikati, unapoteza fungu moja, si usiku mzima wa mega (data uliyonunua). Kiungo cha kupakua kinakaa kama siku saba tu, basi usiombe kabla hujapata intaneti ya kutosha. Kisha programu kama dupeGuru au Czkawka, zote mbili za bure, zinatafuta zinazofanana. Jina la hii ya pili ni la Kipolandi na maana yake ni kwikwi, linaifaa kazi. Kumbuka tu kwamba Takeout yenyewe huweka picha ya albamu mara mbili, kwenye folda ya mwaka na kwenye folda ya albamu, kwa hiyo sehemu ya nakala utakazoonyeshwa haiko mtandaoni kabisa. Na kufuta kwenye kompyuta hakufuti juu. Kompyuta iache ikuonyeshe. Kufuta ufute mwenyewe ndani ya Google Photos, kwa tarehe na jina la faili. Wako wanaosafisha kwenye kompyuta kisha wanapakia upya kwenye akaunti mpya. Sikushauri. Albamu zinavunjika, na zile za WhatsApp, ambazo tarehe haimo ndani ya faili, zinaweza kutua zote kwenye siku moja.

Programu hizi zinafanyaje kujua kwamba picha mbili zinafanana wakati faili ni tofauti? Njia moja inayotumika sana ni hii: picha inashushwa mpaka iwe ndogo kabisa, vigae tisa kwa nane, bila rangi. Kisha kila kigae kinalinganishwa na jirani yake: wewe umeng'aa kumzidi au hapana? Yanatoka majibu 64 ya ndiyo na hapana. Picha mbili zikitofautiana kwa majibu machache tu, zinahesabiwa kuwa moja. Ndiyo maana iliyobanwa na iliyong'arishwa bado zinatambulikana.

Lakini fikiria njia hiyo mbele ya karatasi. Ukurasa mweupe wenye mistari myeusi, ukishushwa mpaka vigae 72, ni sawa na ukurasa mwingine wowote mweupe. Biletini (karatasi ya matokeo ya shule) ya mwaka wa tatu na ya mwaka wa nne, risiti ya minervali (ada ya shule) ya muhula wa kwanza na ya pili, ukurasa wa mbele na wa nyuma wa hati ya kiwanja: mashine inaweza kukuambia zote ni nakala. Wewe una watoto watano. Bila shaka simu yako imejaa karatasi hizo. Kabla hujaruhusu programu yoyote ikupangie kitu, toa karatasi zote uziweke kwenye albamu yake, na albamu hiyo mashine isiiguse.

Tuje kwa Papa. Zile nne hazikutoka WhatsApp tu, nadhani. Inaonekana ni picha ya karatasi iliyopigwa na simu tofauti, kila mtoto kwa wakati wake. Mashine itasema ni moja. Wewe zikuze kwa vidole viwili, moja baada ya nyingine, uangalie vitu vitatu: macho yake, kofia yake kama kuna namba au herufi, na kingo za karatasi. Moja itakuwa na mwanga wa dirisha juu ya paji la uso. Nyingine itakuwa imekatwa pembeni, na pengine aliyekatwa ni mwenzake wa kazi ambaye familia yake haina picha nyingine. Mji huu unajua thamani ya picha hizo. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi wa 1978, alichukua picha za kale za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya ukoloni, akawasimamisha mbele ya mitambo iliyochakaa ya siku zetu, na dunia ikatazama. Picha hizo zingekuwa zimepotea, kazi hiyo isingekuwepo.

Kama karatasi yenyewe bado iko nyumbani, acha zote nne kwanza na uipige upya. Itoe kwenye fremu, kioo ndicho kinacholeta mng'ao. Ilaze karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja, zima flashi, futa lenzi kwa kitambaa safi, simu iwe sambamba na karatasi. Piga na mgongo wake, hasa kama kuna mwandiko, mwaka au muhuri wa studio. Mgongo si nakala. Mpya ikitoka safi, hakikisha imepanda, kisha ufute zile za mng'ao. Iliyo na mwenzake pembeni uiache.

Kwa wenye iPhone ni rahisi zaidi: tangu iOS 16 ya 2022, kwenye programu ya Picha kuna albamu ya nakala, kwa Kifaransa "Doublons". Inaziunganisha, inabakiza yenye ubora, na zilizoondolewa zinakaa siku 30.

Mwisho wa kazi, funga bomba, la sivyo ndoo itajaa tena kabla ya Pasaka. Kwenye Google Photos, ndani ya mipangilio ya kuhifadhi, kuna orodha ya folda za simu: zima ya WhatsApp na ya picha za skrini, acha ya kamera. Zile chache za WhatsApp unazozipenda utazipakia moja moja. Kwenye WhatsApp, zima upakuaji wa picha na video unaofanyika wenyewe; na mega zako zitapumua. Na mdogo wako wa Likasi mwambie, akitaka kukurudishia picha, aisambaze ilivyo badala ya kuihifadhi na kuituma upya. Ikisambazwa ilivyo haibanwi tena. Ikitumwa upya inabanwa mara ya pili, na unapata mtoto wa mtoto.

Ukikwama kati ya zile nne za Papa, nitumie zote nne nikusaidie kuchagua. Lakini kwenye WhatsApp uzitume kama dokima ("Document"), usizitume kama picha, ili zinifikie zikiwa na uzito wake wote.